Nani Apewe Mtambo wa Mabatini?

Paukwa! Hee, hamjibu? Njaa imewaziba midomo? Basi leo chakula hakitoki mpaka hadithi iishe, na hadithi haiishi mpaka mnijibu. Wewe wa kofia, weka sahani chini, maharage bado. Mimi mwenyewe roho haijatulia tangu asubuhi, kwa hiyo msinijaribu.

Palikuwa na vijana watatu hapa hapa mtaani kwetu Mabatini, wasio na shule ya maana wala mjomba serikalini. Wa kwanza ni Sikudhani, binti mwokota chupa. Huyu Mungu alimnyima uongo. Ukimuuliza kama mchuzi wako umekolea, jiandae kwa jibu. Wa pili ni Ndimbo, mponda kokoto, na mikono yake haijui uchovu wala kinyaa. Wa tatu ni Pendaeli, binti aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwa mama mmoja mkali kama pilipili kichaa. Huyo alijaliwa maneno. Akikaa na mtu aliyenuna, si muda utasikia kicheko.

Ukaja mradi, ukawachukua. Asubuhi wanasoma kazi za mazingira, mchana wanautumikia mtaa: wanazibua mitaro, wanapanda miti, wanasugua vyoo vya soko. Na nyuma ya soko wakajenga mtambo wa bayogesi pamoja na mwalimu wao, Bwana Mkude. Vya chooni na maganda ya ndizi vinaingia tangini, gesi inakuja kwa bomba mpaka kwenye majiko yetu sisi mamalishe.

"Mle ndani mna vijidudu visivyoonekana," Bwana Mkude alitueleza. "Vinakula uchafu, vinajamba gesi."

Tulicheka jamani! Lakini moto uliwaka, na mkaa tukausahau.

Sasa sikilizeni penye mwiba. Mwisho wa mafunzo ilikuwepo ajira moja. Moja tu! Fundi wa mtambo, mshahara kila mwezi. Wawili watakaobaki, cheti na asante, warudi kwenye chupa, kokoto na matusi ya mama mkali. Kila mmoja aliitaka nafasi hiyo, na kila mmoja alijua mwenzake anaitaka. Wakawa wanakula sahani moja huku wanatazamana kwa pembe ya jicho.

Siku moja tukaambiwa wakubwa wa mradi wanakuja. Nanyi mnatujua. Mgeni akija Mabatini, hata jiwe linaoshwa. Zamu ya vyoo ilikuwa ya Sikudhani. Bwana Mkude alishamwambia: maji na brashi, basi. Lakini mtaa mzima ukamzunguka. "Mwanangu, choo kinanuka! Unataka kutuaibisha?" Mama mmoja akamletea dawa ya choo, ile kali inayotoa machozi. Mwingine akaongeza yake. Sikudhani akamwaga zote. Wageni wakaja, wakasifu, wakapiga picha mbele ya choo, wakaondoka.

Haukupita muda, moto ukaanza kunywea. Mara unawaka, mara unazima, mwishowe ukafa kabisa. Tukarudi kwenye mkaa, tukikohoa na kuwatukana vijana wa watu. Bwana Mkude akadhani bomba limetoboka, akawachimbisha mtaro wote wa bomba. Hakuna tundu. Wakubwa wakaleta neno: mafunzo yakifungwa moto haujawaka, tangi lifukiwe. Na tangi likifukiwa, fundi wa nini?

Hapo ndipo kila mmoja alipofanya lake.

Sikudhani alifanya hivi. Tulikuwa tumekusanyika kwenye mtaro, Bwana Mkude ameshika kichwa. Binti akasimama. "Mwalimu, acheni kuchimba. Nilimwaga dawa chooni. Nyingi." Weee! Nusura akina mama wamrukie, na wale walionunua dawa ndio walipiga kelele kuliko wote. Yeye hakumtaja hata mmoja wao. Bwana Mkude akakaa chini kwenye udongo. "Basi vijidudu vimekufa," akasema. "Ungenyamaza, tungechimba mpaka tungetokea mtaa wa pili." Sikudhani alijua kwamba kwa maneno yale ameitupa kazi. Aliyasema hivyo hivyo.

Ndimbo alifanya hivi. Tope la tangini, lenye sumu ya ile dawa, lilipaswa kutolewa lote na kupelekwa kwenye shimo mbali na mto. Kuingia tangini hakuruhusiwi, mtu anakata roho, kwa hiyo ni kuchota kutoka nje kwa ndoo na kamba. Vibarua wakaitwa, wakanusa, wakaaga. Ndimbo akavua shati. Akachota, akabeba, akamwaga, akarudi. Mwenye nyumba wake akamwambia achague moja, chumba au harufu. Akahamisha godoro lake stoo ya soko, akaendelea kuchota. Siku aliyomaliza, viganja vyake vilikuwa nyama tupu. Nilimfunga mwenyewe kwa kitambaa, na nililia.

Pendaeli naye? Tangi tupu ni shimo tu. Lilitaka tope hai, lenye vijidudu vizima, kutoka mtambo mwingine unaofanya kazi, na mtambo wa karibu ni wa Mzee Kobelo, mfugaji wa kule mlimani. Yule mzee na soko letu ni paka na panya. Miaka ile alisingiziwa kwamba maziwa yake yana maji, akaapa Mabatini haitapata kwake hata kinyesi. Na sisi tulikitaka kinyesi hasa! Bwana Mkude alikwenda, akafukuzwa na mbwa. Pendaeli akapanda peke yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Kama umetumwa na lile soko, geuza."

"Sikutumwa, babu. Nimekuja kukuomba radhi ya yale maziwa."

"Wewe ndiye uliyenitukana?"

"Hapana. Waliokutukana wanaona haya kuja."

Mzee akaanza kusema yaliyomkaa moyoni, na binti akamsikiliza mpaka yakaisha. Alirudi na mkokoteni wa ng'ombe umejaa mapipa, mzee mwenyewe ndiye aliyeshika kamba. Akataka soko zima limwamkie. Tulimwamkia!

Tope likaingia, tukalilisha taratibu kama mtoto mchanga, tukangoja roho juu. Kisha Bwana Mkude akawasha kiberiti, na moto huu mnaouona hapa chini ya sufuria ukashika.

Haya, furaha imeisha, tugawane ugomvi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya majiko, wakubwa wameniachia nimtaje fundi, na jina ni moja. Wapo wanaosema, "Sikudhani? Aliyeua mtambo ndiye akabidhiwe mtambo?" Nami nauliza, bila ulimi wake, Ndimbo angechota nini? Wengine wanasema Ndimbo, kwani nani mwingine alilipa kwa ngozi yake? Lakini bila tope la mlimani, angechota akabaki na shimo safi. Basi Pendaeli? Eti yeye aliongea tu, hakuchafuka hata ukucha. Haya, nenda kaongee wewe na mbwa wa Mzee Kobelo!

Msiniambie "wapewe wote." Nilishaomba, nikakataliwa.

Leo asubuhi nikawaita mmoja mmoja, nikidhani watanirahisishia. Nikauliza, "Nani anastahili?" Ndimbo akafungua viganja vyake. Pendaeli, yule wa maneno, akalia. Na Sikudhani, ambaye hajui uongo, akaniangalia usoni. "Mimi, mama. Najua niliharibu. Lakini naitaka."

Tangu hapo sijatulia. Nimetia chumvi mara mbili kwenye maharage haya, mtanisamehe.

Wale pale meza ya mwisho ndio wenyewe, sahani moja mbele yao. Kesho natakiwa nitaje jina, na mchana watakuja tena hapa kula, mmoja ana kazi na wawili hawana, nami ndiye wa kuwapakulia.

Kwa hiyo wewe wa kofia, nyanyua sahani sasa. Ungemtaja nani? Na wale wawili ungewatazamaje usoni?