Upinde Uliotoka Kitandani

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudii.

Katika kijiji cha Chakatsi waliishi wajukuu watatu wa Bibi Mbeyu. Kanze, mkubwa wao, alikuwa muuza mbao, na kipaji chake kilikuwa jicho. Ukimpa ubao wowote, hata uliopakwa rangi, angekuambia mti wake ulikuwaje ulipokuwa umesimama. Tsuma, wa pili, alikuwa seremala, na kipaji chake kilikuwa mkono. Alijua kukwangua mbao unene wa unywele, na alijua kuacha, jambo linalowashinda maseremala wengi. Nyae, mdogo wao, alikuwa fundi wa kuwamba ngoma, na kipaji chake kilikuwa sikio. Ngoma ikilia ng'ambo ya mto, yeye akiwa uani kwake alikutajia mwenye ngoma, na akakutajia hata mbuzi aliyetoa ngozi. Hapo kwenye mbuzi nadhani alitia chumvi, lakini Nyae nampenda, basi namwachia.

Babu yao, Nzaro, alikuwa mpiga upinde. Kila asubuhi alipoutungua ukutani aliugusa upote, ile kamba ya upinde, kwa kidole, nao ukalia mara moja. Bibi Mbeyu akiusikia ndipo huinjika uji. Nzaro alipofariki, upinde wake ulivunjwa ukalazwa naye kaburini, kama ilivyokuwa desturi ya kijiji kile. Podo lake, lenye mishale saba, lilibaki ukutani kungoja upinde mwingine. Nao huo ulitakiwa utengenezwe na watu wa nyumba ile ile, si wa kununua wala wa kuazima. Mvua ya masika ikianguka kabla upinde haujapatikana na mrithi hajalivaa podo, podo na mishale yake hutiwa motoni.

Yalibaki majuma sita. Bibi akawaita wajukuu zake.

"Nikilichoma lile podo nitakuwa nimemzika Nzaro mara mbili," akasema. "Wanangu, mara moja ilinitosha."

Nani angemkatalia? Ila katika wale watatu hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kutengeneza upinde, hata wa kuchezea. Tena Babu alikuwa akikata fito porini na kuzianika mwaka mzima kabla ya kuzigusa, na mwaka hawakuwa nao.

"Tutachonga ubao," akasema Tsuma. "Ubao umeshakauka. Niachieni mimi."

Wakamwachia. Akaenda karakana, akachagua ubao wake mzuri kuliko zote, wenye mistari ya kujipindapinda, ule aliokuwa ameuficha wateja wasiuone. Akaupiga randa na msasa siku tatu mpaka ukang'aa. Akauleta uani, akaufunga kamba, akavuta. Taap! Kipande kimoja kikabaki mkononi, kingine kikaingia bandani kwa kuku, na yule tetea mwekundu akagoma kutaga juma zima. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa amecheka tangu mazishi.

Kanze akaokota kipande, akakitazama. "Tsuma mdogo wangu, umechagua kama mtu anayetengeneza kabati. Ona mistari inavyotorokea pembeni, na ona, umekatika papo hapo ilipotorokea. Upinde unataka ubao usio na madoido. Mistari inyooke kutoka ncha hadi ncha, bila kifundo hata kimoja."

"Haya, uko wapi huo?"

Kanze akapekua ghala lake ubao baada ya ubao. Hakuupata. Akaenda kukagua milango ya majirani, madawati ya shule, hata meza ya mwenye mgahawa, watu wakaanza kumwuliza mumewe kama mkewe yu mzima. Siku ya tano, akitandika kitanda chake, mkono ukasita. Ule mfumbati, ubao mrefu wa ubavuni mwa kitanda, ulikuwa wa mbambakofi, mgumu, mkavu, na mistari yake ilinyooka kama ya daftari. Kilikuwa kitanda chake cha harusi. Akaleta nyundo.

Karisa, mumewe, akarudi akakuta godoro liko sakafuni. "Mke wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Hebu shika upande ule, tung'oe misumari."

Akashika. Na tangu siku hiyo walilala chini, na sijasikia kwamba Karisa alinuna.

Sasa zamu ya mkono. Tsuma hakujigamba tena. Aliuchonga ule mfumbati, akaufunga kamba, akautundika kwenye kigingi ukutani. Akawa anavuta kamba kidogo, anarudi nyuma, anatazama unavyopinda. Upande mmoja ulikuwa mkaidi na mwingine mlegevu. Basi anakwangua ule mkaidi kwa kigae cha chupa, mara tatu tu, kisha anautundika tena. Alifanya hivyo siku kumi na sita. Kazi za wateja zililala, vidole vikachanika, na kila apitaye aliuliza, "Bado tu?" Siku ya kumi na saba aliinua kigae, akakiweka chini bila kukwangua.

"Mbona umeacha?" Nyae akamwuliza.

"Nikipitisha mara moja zaidi nitauharibu." Akavuta kamba, na pande zote mbili zikapinda sawasawa.

Nyae alikuwa amesokota upote wa mishipa ya ng'ombe. Wakaufunga, Tsuma akaanza kuvuta, ukafika nusu, watu wakaanza vigelegele.

"Shusha!" Nyae akapiga kelele. "Shusha, kaka! Kuna kitu kimealika ndani, tik!"

Hakuna mwingine aliyesikia. Walimwambia aache uoga. Nyae akauchukua, akapitisha ukucha mgongoni mwa upinde, ukucha ukanasa. Uzi mmoja wa mbao, mwembamba kama kope, ulikuwa umenyanyuka. Kama Tsuma angevuta tena, mfumbati wa Kanze ungemfuata mwenzake kwa kuku. Nyae akaenda kwake, akairarua ngozi ya ngoma yake ya kwanza, ile aliyoiwamba akiwa kijana na aliyokuwa haazimishi mtu. Akakata ukanda mrefu, akaugandisha kwa gundi mgongoni mwa upinde, akaukaza kwa nyuzi. Ukakaa kivulini siku nane, huku wote wakitazama mawingu.

Siku ya tisa mawingu yalikuwa meusi. Tsuma akavuta mpaka mwisho, na upinde ukatii. Nyae akaugusa upote kwa kidole. Bibi Mbeyu, aliyekuwa akipuliza moto, akaacha kupuliza, akalia wazi wazi mbele ya watu.

Kisha akalitungua podo. Na hapo, jamani, ndipo shida ilipoanza. Podo huvaliwa begani mwa mtu mmoja kati ya waliotengeneza upinde, mishale ya mtu mmoja haitawanywi, na anayelivaa ndiye mrithi wa Nzaro.

"Nalitaka," akasema Kanze. "Bila ubao wangu, hapa mngekuwa mmeshika kuni."

"Na ubao wako ungebaki ubao," akasema Tsuma. "Mimi ndiye niliyeufanya upinde. Hata mimi nalitaka, sitajifanya."

"Mkono wako ulikuwa unauvunja, kaka," akasema Nyae, polepole. "Babu alikuwa akinipakata. Nalitaka kuliko ninyi nyote."

Bibi akawatazama mmoja mmoja. "Mnanionea," akasema. "Huyu ana jicho la Nzaro. Huyu ana mkono wake. Huyu ana sikio lake. Nimkatae Nzaro yupi?"

Na ninyi msiniletee ujanja. Msiseme wapeane zamu, desturi imekataza. Msiseme Bibi akae nalo, kwa maana lisipokuwa begani mwa mrithi mvua ikianguka, ni motoni. Ukisema Kanze, mwambie Nyae kwa nini ngoma yake si kitu. Ukisema Nyae, umtazame Tsuma na vidole vyake. Na ukisema Tsuma, nenda kamweleze Karisa, kule sakafuni.

Bibi Mbeyu amesimama uani, podo mikononi, machozi hayajakauka. Tone la kwanza limeshagusa vumbi kwa jirani. Haya, sema upesi: ungemvisha nani?