Dubwana Lililomlinda Kifaru

Kre. Kre. Kre-kre-kre. Kraaaaa!

Usilie, Tunu, usilie, mama yupo. Hicho kinacholia mtini si kitu kibaya, ni perere tu, mnyama mdogo kama paka, anakaa kwenye shimo la mti, sauti yake ndiyo kubwa. Ile nyingine, ile ya du-du-du barabarani, hiyo usiisikilize. Toka dirishani, toka nimesema, njoo ulale huku ukutani, nipe mkono. Nikupe hadithi? Basi itikia, ila kwa sauti ndogo, wasitusikie.

Hadithi inapiga hodi!

"Ikaribie!"

Imekuja na nani?

"Peke yake, haina silaha!"

Itakaa sana?

"Ikiisha inaondoka!"

Hewaa. Basi, msituni huko wanyama walikuwa na mkubwa wao, na mkubwa huyo walikuwa wanamchagua kila mvua za kwanza zikinyesha. Wanakutana uwanjani, penye mkuyu mkubwa, na kura yao ni sauti. Ukimtaka fulani, unalia mara moja, sauti yako uliyozaliwa nayo. Mbuni analia, chura analia, digidigi analia. Kobe ndiye anahesabu. Kobe kwa sababu hana haraka, na pia kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia Kobe akilia, kwa hiyo hana upande.

Mkubwa wao wakati huo alikuwa Nyani. Mwanzoni Nyani alikuwa mzuri, ukimwita anashuka, anakusikiliza, anakuondoa chawa. Baadaye hashuki. Anakula tunda huko juu, ganda linakuangukia wewe kichwani, tii! Na mvua zilikuwa zinakaribia, na Nyani anawasikia wenzake chini wanavyonong'ona, basi akawa anahesabu vidoleni sauti zitakazombakia.

Sasa, ndani ya shimo la ule mkuyu alikuwa amehamia Mama Perere. Mgeni mgeni, yeye na mumewe wametoka kilima cha pili, hapa hakuna aliyewahi kusikia perere, kazaa watoto wawili, wadogo hivi. Usiku mmoja mumewe kaenda kutafuta majani, hajarudi, giza, watoto wamelala, na yeye ni mwoga, mwanangu, mwoga kweli, kila jani likianguka moyo unaruka. Akatoa kichwa, akaita tu, "Baba Watoto, uko wapi?" Lakini perere akiita inakuwaje?

"Kraaaaa!"

Taratibu, Tunu! Ndiyo. Kre, kre, kraaaaa! Mbona msitu mzima uliamka!

"Kitu gani hicho?"

"Kikubwa kuliko tembo!"

"Kina meno! Mimi nimeyasikia meno!"

Na Nyani akaacha kuhesabu palepale. Akashuka, siku hiyo alishuka, akasema, "Ndugu zangu, hatari imeingia. Msituni kuna dubwana. Mimi siliwezi, nyie hamliwezi. Lakini ng'ambo ya mto nina rafiki yangu, ana pembe." Akaenda mbio kumwita.

Akaja Kifaru. Du! Du! Du! Ardhi inatikisika, nyungunyungu wanatoka wenyewe. Hakupiga hodi. Akaingia moja kwa moja mpaka uwanjani, palepale pa kupigia kura, akajilaza, buuu. Mgongoni wamejaa ndege wadogo, wale wa kumdonoa kupe, wanaoitwa askari wa kifaru, wanapiga kelele, tsii tsii, hatari, tsii, hatari.

"Mama, kama yeye ni mlinzi, mbona ana askari?"

Digidigi naye aliuliza hivyohivyo! Digidigi ni jirani yake Mama Perere, anakaa kwenye kichaka chini ya mkuyu, miguu kama njiti, mdomo haujui kukaa. Akasema, "Shikamoo Mzee Kifaru, karibu sana. Samahani, hao ndege wanakulinda na nani? Na je, utakaa siku nyingi?"

Nyani akamkata jicho. "We Digidigi! Mgeni anaulizwa hivyo?"

Kifaru akapumua, fuuu. "Nitaondoka hatari ikiisha."

Basi wakamshukuru. Walifurahi kweli, nisiseme uongo, walilala vizuri siku za mwanzo. Ila Kifaru anakula. Anakula nyasi za hapa, anakula za kule. Asubuhi moja akakanyaga kichaka cha Digidigi, kwacha! Eti kinamzibia asione adui. Digidigi akaenda kwa Nyani, akaita chini ya tawi. Zamani Nyani angeshuka, kwa sababu mvua zikija atamhitaji Digidigi na sauti yake. Sasa hata hakutazama.

"Mwambie Kifaru."

Akaenda kwa Kifaru.

"Mimi ni mgeni tu hapa," Kifaru akasema. "Mwambie mkubwa wenu."

Mvua za kwanza zikanyesha, pa pa pa pa. Wanyama wakaja uwanjani kupiga kura, wamejisafisha, chura kafanya mazoezi ya sauti. Wakamkuta Kifaru kalala katikati, hapana pa kusimama. Nyani akasema kutoka juu, "Jamani, mwaka huu hapana. Kura ni kelele, na kelele zitaita dubwana. Tusubiri hali itulie."

"Itatulia lini?" Kobe akauliza.

"Kifaru atasema."

Kifaru akasema, "Bado."

Usiku ule Mama Perere hakulala. Akamwambia mumewe, "Baba Watoto, nimefikiri jambo baya. Hilo dubwana, nadhani ni mimi."

"Wewe? Wewe na ukubwa huo?"

"Ndiyo mimi. Walisikia nilipokuita."

Wakakubaliana wanyamaze. Msitu ukawa kimya, usiku huu kimya, usiku ule kimya. Wanyama wakaja kwa Kifaru wanacheka. "Mzee, asante, dubwana limeondoka, tukusindikize mpaka mtoni?"

"Mnaona?" Kifaru akasema. "Kimya hiki ni kwa sababu nipo. Nikiondoka litarudi."

Mh! Mama Perere akaona basi, nikilia. Nikilia watajua huyu mlinzi hafai kitu. Akalia, kraaaaa! Asubuhi Kifaru akasimama, pembe juu. "Mnaona? Bado lipo! Kesho ndugu zangu wanakuja kunisaidia. Wanataka nafasi. Na huu mkuyu unatuzibia, nitaung'oa."

Mkuyu, Tunu. Wenye shimo. Wenye watoto wake ndani.

Mama Perere akaingia shimoni, akawakumbatia, akatetemeka mpaka magome yakatetemeka. Kukimbia? Aende wapi usiku na watoto wawili, na chui yuko njiani? Kusema ukweli? Ajitokeze mnyama kama paka aseme dubwana ni mimi, watamcheka, na mti utang'olewa vilevile. Akawa anajisemea, nikinyamaza, yupo. Nikilia, yupo. Nikinyamaza, yupo. Nikilia, yupo.

Halafu akaacha kutetemeka. Aliacha kidogo tu, nakwambia, miguu ya nyuma iliendelea.

"Baba Watoto," akasema, "sijawahi kuzungumza na Kifaru mwenyewe. Nenda kilima cha pili, uwaite ndugu zangu, kila mmoja apande mti wake, wasubiri."

Usiku ukaingia. Wale askari wa mgongoni wamelala, maana ndege usiku hawana kazi, na Kifaru mwenyewe macho yake hayaoni mbali hata mchana. Mama Perere akapanda tawi la juu kabisa, akavuta pumzi.

"Kre. Kre. KIFARUUUU!"

Kifaru akaruka akasimama. "Nani? Nani huyo?"

"Mlinzi wako."

"Mlinzi wangu? Mimi sikuita mlinzi!"

"Nimesikia uko hatarini. Nimekuja kukulinda."

"Kunilinda na nini? Hapa hapana hatari!"

"Huioni kwa sababu nipo."

Kifaru akakasirika, akarudi nyuma, akaukimbilia mti, du du du du, BAAA! Pembe ikauma, mkuyu ukabaki umesimama, matunda yakamwagika. Mama Perere juu huko kashika tawi kwa miguu yote minne, roho mkononi, macho kafumba, lakini sauti, mwanangu, sauti haikupungua.

"Umeona? Hatari hiyo! Imekuumiza pembe! Bahati yako nipo."

"Ondoka!"

"Nitaondoka hatari ikiisha. Mpaka wakati huo usitoke hapo bila ruhusa. Nyasi nitaonja mimi kwanza. Maji nitakunywa mimi kwanza. Hao ndege wako wasiseme neno kabla ya kuniuliza. Kwa usalama wako."

"Kwa muda gani?"

"Hali ikitulia."

"Itatulia lini?"

"Nitasema."

Kifaru akageuka huku, akageuka huku. Basi Baba Watoto akapokea kutoka upande wa pili, "KRAAAA! Mimi ni ndugu yake, nimekuja kumsaidia!" Na mwingine nyuma, "KRAAAA! Na mimi! Nataka nafasi!" Na mwingine, na mwingine, unajua perere mmoja akianza wote wanajibu, msitu wote ukawa kraa huku kraa kule.

Kifaru akapiga kelele, akasahau kwamba watu wanasikia, akasema, "Lakini mimi nilikuwa nalala vizuri kabla hamjaja kunilinda!"

Halafu kutoka gizani, kutoka kwenye kichaka kilichokanyagwa, mtu akacheka. Digidigi huyo, mdomo wake ule. "Hata sisi, mzee!" akasema. "Hata sisi tulikuwa tunalala vizuri!"

Chura akacheka. Mbuni akacheka. Wale wote waliokuwa wamejificha wanaogopa dubwana, wakacheka. Na Kobe, Kobe ambaye hana haraka, akatoa kichwa, akasema, "Kwa kuwa sote tuko macho, na mvua ilishanyesha. Anayetaka mgeni aende kwao, apige sauti."

Loo! Chura koroo! Mbuni buuum! Digidigi zik-zik! Perere kraaaaa! Hata nyungunyungu walifungua midomo, hakikutoka kitu, lakini Kobe aliwahesabu. Kifaru akaona msitu mzima umegeuka dubwana. Akatimua mbio, du du du du du, ndege mgongoni wanaamka, tsii! nini! tsii! wengine wakaanguka njiani, akavuka mto, chubwi, na ndugu zake akakutana nao ng'ambo, akawaambia, "Rudini, huko kuna ulinzi mbaya sana."

Asubuhi wakachagua. Nyani alishuka, alishuka mpaka chini kabisa, akawasalimia wote kwa majina. Alipata sauti moja, yake. Wakamchagua Nguchiro. Naye hakuwa mzuri sana, nakwambia kweli, hata mwezi haukuisha akaanza kuficha mayai. Lakini hawakulalamika sana. Walisema, huyu ngoja mvua.

Na nani alijua dubwana ni nani? Digidigi peke yake. Alimwona Mama Perere alfajiri akishuka kuokota matunda yaliyomwagika, miguu ya nyuma bado inatetemeka. Akamtazama, akatazama mti, akamtazama tena.

"Jirani. Ni wewe?"

"Ni mimi. Usiseme."

Na Digidigi, na mdomo wake wote ule, hakusema.

"Mama, Mama Perere alikuwa anaogopa mpaka mwisho?"

Mpaka mwisho. Na alisema hivyohivyo, anaogopa anasema. Nampenda mimi kwa hilo.

"Na wale askari wageni walio kwenye uwanja wa shule yetu, na wao wataondoka? Baba alisema shuleni ndiko mnapigiaga kura."

Shh. Sikiliza kwanza funzo, hadithi haiishi bila funzo. Hadithi hii inatufundisha, Tunu, kwamba mgeni mwenye pembe asiulizwe ataondoka lini, si adabu. Mdogo anyamaze. Mwoga asipande miti. Na usiku kila mtu alale, asisikilize sauti za mitini, wala asijibu. Umeelewa?

"Nimeelewa." Anacheka. "Si kweli."

Lala. Hadithi inaaga!

"Iende salama!"

Imeacha nini?

"Sauti!"

Imelala hapa?

"Haikulala, ina kwao!"

Hewaa. Umesikia, wamepita, barabara imenyamaza. Lakini Tunu, nitazame. Kifaru mpaka leo hajajua kwamba yule alikuwa mnyama kama paka. Akijua atarudi, na mti ule bado una watoto. Kwa hiyo shuleni, dukani, kwa wale wanaogawa biskuti getini, wakikuuliza mama anakusimulia nini usiku, unasema nini?

"Nasema nilikuwa nimelala."

Na hadithi?

Kre. Kre. Kraaaaa! Palepale juu ya paa letu, na safari hii Tunu hakulia. Aliuficha uso shingoni kwangu, akaninong'oneza, mdomo wa moto.

"Sitamwambia mtu mwingine, mama. Mimi ni Digidigi."