Nani Apige Hodi kwa Salama

Sogeeni, na mwenye jibu la haraka alifungie mfukoni kwanza, maana hadithi hii imeshagombanisha watu wazima ambao hadi leo hawajapatana. Mimi nitaisimulia tu. Kuamua ni kazi yenu.

Palikuwa na maabara ya kemia kwenye chuo kimoja, katika mji wa pwani wenye unyevu mwingi hata chumvi hulowana ndani ya kopo. Humo walifanya kazi watu watatu wenye vipaji. Hizza alikuwa na mikono. Alimimina kitu hadi kwenye alama bila kupunguza wala kuzidisha tone, na kilichopungua kilimkosesha raha. Riziki alikuwa na macho. Alikaa na mashine ya kupimia miale, na katika michoro yake yenye vilima na mabonde aliona yale ambayo wengine waliyapita. Profesa Semboja, mkuu wa idara, alikuwa na ulimi. Huyo angeweza kumweleza bibi yake kemia, na bibi akaondoka ameelewa na amecheka.

Wa nne ni Daktari Salama Shekiondo, na hadithi hasa ni yake. Salama alichunguza rangi inayotoka kwenye mzizi wa mti fulani. Mti wenyewe siutaji, nawajua mtakwenda kuuchimba wote. Kwa miaka alikuwa akisema jambo moja ambalo wenzake wa vyuo vingine walilikataa. Alisema molekuli ya rangi ile, yaani kipande chake kidogo kabisa, ina maumbo mawili. Ukiiweka kwenye kimiminika kisicho na maji, hujikunja na kujishika mkono yenyewe, na rangi huwa ya njano. Maji yakiingia, huachia mkono wake, huyashika maji, hunyooka, na rangi huwa nyekundu. Kitu ni kilekile, alisema Salama, ila kimebadilishiwa majirani.

"Mtu akiwa peke yake hujikumbatia," aliwaambia wanafunzi wake. "Akimwona jamaa yake, hunyoosha mikono."

Ikapangwa siku ya kuonyesha hayo hadharani. Wageni wakaja, wakiwamo haohao waliompinga, na mama yake akaketi mstari wa mbele na kitenge kipya. Salama angeyeyusha rangi kwenye asetoni, ileile ya kufutia rangi ya kucha, lakini iliyokaushwa maji yote, rangi iwe ya njano mbele ya macho yao. Kisha angedondoshea maji, iwe nyekundu. Wakiiona ile njano, kazi yake ingethibitika. Wasipoiona, basi tena.

Asubuhi ile Hizza alitayarisha asetoni. Alikuwa ameikausha kwa punje za kunyonya maji kama desturi, lakini alipoimimina kwenye chupa ya kupeleka ukumbini akaona haijafika kwenye alama. Mwingine angeiacha hivyo. Hizza hakuweza kuvumilia chupa pungufu. Pembeni palikuwa na asetoni ya kuoshea vyombo, ambayo hutumika ikarudishwa, na kila ikirudi huja na maji kidogo. Akajazia. Chupa ikafika kwenye alama, roho yake ikatulia. Alijiambia kiasi kile hakiwezi kumdhuru mtu.

Kabla chupa haijaondoka, Riziki aliipima. Desturi ya kazi yake ni kupima kimiminika kitupu kwanza, kisha kuiambia mashine ikitoe kwenye hesabu, ibaki rangi peke yake. Kwenye mchoro wa kile kimiminika kitupu akaona nundu pana ambayo haikupaswa kuwapo. Ilikuwa nundu ya maji, na Riziki aliijua kama anavyoijua sura ya mwanawe. Akainuka kwenda kumwita Salama. Alipofika mlangoni akakumbuka kwamba juzi tu alisimamisha kazi kwa ajili ya nundu nyingine iliyogeuka kuwa alama ya kidole chake mwenyewe, na Salama akamtania mbele ya watu, "Riziki dada yangu, wewe ungeona maji hata jangwani." Akarudi kwenye kiti, akabonyeza kitufe. Nundu ikatolewa kwenye hesabu, mchoro ukawa safi.

Ukumbini Salama akayeyusha rangi yake. Ikawa nyekundu. Hakuwa ameweka tone la maji, na tayari ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Akageuka kumtazama mkuu wake wa idara. Lipo swali ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huuliza mahali kama pale: hiki kimiminika kimekaushwa? Swali hilo lilimfika Semboja hadi mdomoni. Lakini kuliuliza ilikuwa ni kuwaambia wageni kwamba idara yake haiwezi kukausha chupa ya asetoni. Akasimama akitabasamu.

"Wageni wetu, mtuwie radhi," akasema. "Daktari wetu ameipenda nadharia yake hata akasahau kuiuliza rangi kama imekubali posa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata waliokuwa wakigawa chai walicheka. Mama yake Salama hakujua kemia, lakini alijua mwanawe anachekwa, akainama kurekebisha kitenge ambacho kilikuwa kimekaa sawa. Salama akaiweka chupa mezani polepole, akavua koti lake jeupe akalitia kwapani, akamshika mama yake mkono, wakatoka. Hizza alikuwa safu ya nyuma na alishaelewa kilichotokea. Riziki naye alikuwepo, akawa anatazama viatu vyake.

Salama hakurudi tena. Ilisemekana amepata nafasi ya kufundisha hesabu kwenye shule iliyo karibu na kwao, na Jumatatu ataanza. Wale waliompinga walirudi makwao wakisema suala la rangi ile limekwisha.

Huko maabara watu watatu waliacha kutazamana usoni. Mmoja akiingia kuchukua kitu, mwingine alikumbuka ana shughuli nje. Riziki ndiye wa kwanza kushindwa kuvumilia. Alifungua asetoni mpya, akaikausha mwenyewe, akaipima mpaka akaridhika, akayeyusha rangi ya Salama. Ikawa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Akamwita Hizza, akamsogezea chupa.

Hizza aliitazama, kisha akatazama sakafu. "Nilijazia," akasema. "Ile ya kuoshea vyombo."

"Mimi niliyaona hayo maji," akasema Riziki. "Niliyaona nikayafuta."

Wakaenda kwa Semboja wakitegemea atawaka. Aliwasikiliza mpaka mwisho, uso umemshuka.

"Msijisumbue kunifafanulia," akasema. "Nilihisi palepale. Swali lilikuwa mdomoni, nikalimeza nikatoa mzaha. Na nilifurahi walipocheka. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Wakampigia simu mama yake Salama, wakamweleza yote, wakaomba waje kutaka radhi. Mama akawaambia wasubiri. Walisikia akizungumza na mtu pembeni, kisha akarudi.

"Mwanangu anasema hataki kikao," akawaambia. "Mkiomba radhi kwa pamoja, kila mmoja atajificha nyuma ya mwenzake. Anataka hodi ipigwe na mmoja, yule aliyemfanya achekwe mbele yangu. Akiwa ndiye, atafungua, atamsamehe, na Jumatatu atarudi kwenye kazi yake. Akijitokeza mwingine kubeba la mwenzake, hafungui, na rangi yenu mtaipikia ubwabwa. Nami niko upande wake, wanangu."

Jumapili asubuhi wakaondoka kwa gari la Semboja, wote watatu, kwa kuwa hawakuwa wamekubaliana nani ashuke. Nawaomba msiwafanye watakatifu. Njia nzima kila mmoja alijivua lawama. Hizza alisema yeye alikosea tu, hakukusudia. Riziki alisema yeye hakumwaga wala hakumcheka mtu. Semboja alisema yeye alikuta rangi imeshaharibika na alikuwa akilinda jina la idara. Maneno yao yalikuwa ya kweli yote, na kila aliyeyasema alizidi kudidimia kwenye kiti.

Mambo yaligeuka walipofika mlangoni. Nje, kwenye kamba, palikuwa na lile koti jeupe la maabara, limefuliwa na kukunjwa kola vizuri, koti la mtu ambaye bado hajaamua kulitupa. Wakasimama mbele yake kama watoto waliovunja sahani ya wageni. Ndipo Hizza akasogea.

"Ni mimi," akanong'ona. "Bila mkono wangu maji yasingeingia. Ninyi mlikuta kosa limeshafanyika."

Riziki akamshika shati. "Wewe hukujua ulichokifanya. Mimi nilijua, tena mapema, wakati bado kulikuwa na nafasi ya kuzuia. Ningetembea hatua chache tu kumwita. Nilimnyamazia kwa sababu alinitania, na hilo ndilo linaloninyima usingizi."

"Maji hayachekeshi mtu," akasema Semboja, na sauti yake nzuri ilikuwa imekauka. "Jaribio likiharibika hurudiwa kesho. Swali moja lingetosha kumwokoa, hata baada ya makosa yenu yote. Aliyemgeuza kichekesho mbele ya mama yake ni mimi."

"Lakini usingekuwa na cha kuchekea," akasema Hizza.

"Na kosa lako lingekuwa limesahihishwa," Riziki akamwambia Hizza, "kama ningesema."

Walinong'onezana hivyo, kila mmoja akimvuta mwenzake nyuma, mpaka wakasahau kuwa mlango ni wa mbao nyembamba. Ndani kiti kikasukumwa. Nyayo zikaja taratibu, zikasimama upande wa pili. Hakuna aliyekuwa amepiga hodi bado.

"Nani?" akauliza Salama.

Hapo ndipo ninapowaachia. Hizza aliyaingiza maji, lakini hakujua. Riziki alijua, lakini hakuyaingiza wala hakucheka. Semboja hakuyagusa maji wala mashine, lakini kicheko kilitoka kinywani mwake. Yeyote kati yao angetenda lililo sawa, Salama angetoka ukumbini kichwa juu na mama yake akipiga vigelegele. Sasa amesimama nyuma ya mlango, mkono kwenye komeo, na amekwisha kuuliza. Anataka jina moja, na silo lolote lile. Je, wewe ungemjibu ni nani?