Nungunungu na Mtama wa Mafagio

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Basi zamani, zamani ile ya kale wanyama walipoishi kwa ujirani, palikuwa na Nungunungu. Alikuwa mama wa kazi. Alilima mtama, lakini si mtama wa ugali. Alilima mtama wa mafagio, ule wenye masuke marefu kama mkia wa nyumbu. Mengine mekundu, mengine meusi, mengine rangi ya asali. Aliupanda kuzunguka ua wote. Upepo ukivuma, shaa, shaa, shaa, ua mzima ulicheza, na wapita njia walisimama kutazama.

Mwaka huo Nungunungu alikuwa anamwoza binti yake. Alitaka baadhi ya masuke ayafunge mafagio ya kumpa bibi harusi, na mengine ayasuke mashada ya kupamba mlango na bustani wakwe watakapokuja.

Uani palikuwa na mgunga, na juu ya mgunga aliishi Mnana, yule ndege fundi wa viota. Walikuwa majirani wa siku nyingi. Asubuhi Mnana husema, "Umeamkaje, dada?" Nungunungu hujibu, "Salama, dada. Watoto?" Na Mnana akitaka majani ya mtama ya kusukia kiota, alichana akaenda zake. Hakuna aliyeuliza.

Masuke yakaanza kukomaa. Pimbi, ambaye alikaa kutwa juu ya jiwe lake akiota jua, akamwita Nungunungu.

"Mama Nungu, mimi sisemi kitu."

"Kitu gani husemi?"

"Mnana. Anautazama sana mtama wako."

"Si anakaa pale pale? Atazame wapi?"

"Ndiyo maana sisemi kitu," alisema Pimbi, akageukia jua.

Nungunungu akarudi nyumbani. Akainua kichwa. Kweli, Mnana anautazama mtama. Mbona anatazama? Akaangalia majani. Yamechanwa. Yalikuwa yakichanwa miaka yote, lakini siku hiyo ndiyo aliyaona. Akaokota punje chini. Nani kaiangusha? Mnana akiimba, Nungunungu alisema moyoni, "Anafurahia nini?" Mnana akinyamaza, alisema, "Anapanga nini?"

"Dada, mbona siku hizi huitikii salamu?" Mnana akauliza.

"Wewe unajua."

"Sijui, dada. Niambie."

"Basi kaa hivyo hivyo."

Nungunungu akaanza kufunika masuke. Kila suke alilizungushia majani ya mgomba, akafunga kamba, akakaza, akakaza, mpaka ua ukapoteza rangi zake zote. Majani yalimwishia alipofika nyuma ya nyumba, akauacha mtama wa huko wazi. Bado roho haikutulia. Akasema, "Huyu dawa yake ni kuondoka." Akaushika mgunga kwa meno. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Dada, nina mayai," Mnana akalia. "Ngoja yaanguliwe, nitahama mwenyewe."

Nungunungu alisikia, akajifanya hasikii. Kwaru, kwaru. Mti ukaanguka, pu. Mayai yakavunjika. Mnana akazunguka juu ya matawi, akazunguka, kisha akaruka kuelekea mtoni.

Mvua ndogo zikanyesha. Wakati wa kuvuna ukafika, Nungunungu akafungua suke la kwanza. Ndani, ukungu mweusi. Akafungua jingine. Ndani, viwavi wamenona, viwavi wale wale ambao Mnana alikuwa akiwakamata kila asubuhi kuwalisha wanawe. Akafungua, akafungua. Yote yameoza.

Akaenda nyuma ya nyumba. Huko ndege wa porini walikuwa wamepita. Punje hata moja haikubaki. Lakini nyuzi za masuke zilikuwa zimesimama, ndefu, safi, nyekundu. Nungunungu akaketi chini. Punje hakuwahi kuzihitaji. Kila mwaka yeye mwenyewe alizipukuchua akazitupa, ndipo akafunga mafagio.

Akaenda kwa Pimbi. "Ulimwona Mnana akila mtama wangu?"

"Sikusema nimemwona akila," alisema Pimbi. "Nilisema anatazama."

Masuke ya nyuma yalitosha fagio moja tu. Binti akaolewa akiwa nalo, na mlango haukuwa na shada. Harusi ilipokwisha, Nungunungu akashuka mtoni. Alimkuta Mnana kwenye matete, anasuka kiota kipya.

"Dada, nimekukosea. Nisamehe. Rudi nyumbani."

Mnana hakuacha kusuka. "Mtama utapanda mwingine?"

"Nitapanda."

"Mayai yale mimi sitayataga tena."

Nungunungu akarudi nyumbani peke yake. Tangu hapo, kila akienda kuteka maji humsalimu Mnana, na Mnana huitikia. Salamu tu. Ujirani haukurudi.

Wenzangu, wakubwa kwa wadogo, fundisho ni hili: ukimshuku jirani, mwulize kwanza na umsikilize, kabla hujamtenda. Ubaya ukishafanyika, kuomba radhi hakuufuti.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni mwa mto.