Aliyemwonyesha Bi Masika Kibla

Usinikunjie uso kabla sijaanza. Unadhani watu wazima, wenye msikiti na muadhini, hawawezi kusali miaka themanini wameelekea siko? Wewe uliyepotea njia ya kwa shangazi yako mwaka juzi ndiye wa kunibishia mimi? Kaa usikilize. Ubishi wako utaukuta hapohapo ulipouacha.

Palikuwa na watu watatu. Sikitu alipewa ulimi: swali likimfika kooni halirudi tumboni. Feruzi alipewa miguu: alikwenda mwendo ambao wengine huusimulia tu. Hadia, fundi cherehani, alipewa macho: pindo likienda upande kwa unene wa uzi, yeye ameshaliona. Wote watatu walisomeshwa Kurani na Bi Masika katika chuo chake, chumba cha mbele cha nyumba yake, na wote aliwachapa.

Kijiji chao kiko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa machweo. Mababu zao walitoka mrima, pwani ya mashariki. Sasa huko mrima, mtu akitaka kukutajia kaskazini hukwambia kibla: upepo wa kibla, mlango wa kibla, shamba la kibla. Wala si uongo, maana ukiwa mrima Makka iko kaskazini. Mababu wakafunga mizigo, wakatembea miezi kulifuata jua linakotua, na neno lao wakalibeba. Walipofika wakajenga msikiti, mihrabu wakaielekeza kibla. Kaskazini, yaani. Hakuna aliyekumbuka kwamba wao wamehama na Makka haikuhama.

Bi Masika akaugua ugonjwa wa kutoinuka. Wanawake walikuwa uani kwake wakipepeta mchele, Sikitu naye yumo, na siku hiyo alikuwa ametoka kuiona ramani ukutani shuleni kwa mwanawe. Akauliza, "Hivi sisi si tumehama? Kibla cha mrima kimekuwaje kibla chetu?"

Nyungo zikasimama. Mmoja akamwambia anafukua wafu wa watu kwa mdomo. Mwingine akamwambia mwanamke mwenye maswali huolewa na majibu yake. Mume wa Sikitu alikuwa mtoto wa ndugu yake imamu, na kabla wiki haijaisha alimrudisha kwao na sanduku lake. Hiyo ndiyo gharama ya swali lake.

Lakini Bi Masika alikuwa kitandani, dirisha wazi, na kila neno alilisikia. Akamwita Feruzi. "Mwanangu, mimi sitaki kulazwa kaburini nimelitazama neno. Nataka nilazwe nimeitazama Makka. Nenda ukaulize, nami nitajitahidi nisife."

Feruzi akaenda. Siku nane hadi ziwani, akavuka, akamtafuta sheikh mmoja mzee huko Ujiji. Sheikh alimpa mambo mawili. La kwanza: iko siku mwishoni mwa mwezi wa Mei, na nyingine katikati ya Julai, saa fulani ya mchana, ambapo jua husimama sawasawa juu ya Kaaba. Siku hiyo na saa hiyo, popote unapoliona jua, kibla ndicho hicho. La pili: sala za nyuma zisirudiwe wala makaburi yasiguswe, maana aliyekosea bila kujua hana lawama, lawama ni ya aliyekwisha kujua akabaki alipo. Feruzi alirudi na hayo mawili, na vidole vitatu vya mguu wa kushoto vimeoza. Vikakatwa. Hiyo ndiyo gharama ya jibu lake.

Siku ikafika, na mawingu yakafika nayo. Hadia alikwishasimamisha mti uani, ameunyosha kwa uzi wenye jiwe. Kivuli hakipo. Redio ikataja saa. Watu wakaanza kuguna kwamba hadi Julai, na mgonjwa hana Julai. Hadia hakuguna. Aliinua uso, akalikazia macho lile wingu bila kupepesa, akitafuta ukingo wa jua. Lilipopasuka kidogo jua lilimpata machoni, na yeye akainama palepale akakipiga kivuli mstari kwa chaki ya cherehani. Ukiufuata kulielekea jua, mstari ulikata robo ya njia kutoka kaskazini kwenda mashariki. Jicho la kulia tangu siku hiyo lina ukungu. Hatungi uzi kwenye sindano. Hiyo ndiyo gharama yake.

Wakamtoa Bi Masika na kitanda chake, wakakigeuza kiufuate mstari. Akatazama muda mrefu. Imamu naye aliutazama mstari, akaitazama mihrabu yake, akakaa chini. Bi Masika akasema, "Chuo changu namwachia aliyenionyesha kibla." Siku ya tatu akafa, akalazwa sawa.

Hapo ndipo pabaya.

Sikitu akasema, "Nisingeuliza, mngetembea kutafuta nini?"

Feruzi akasema, "Kuuliza hata mbuzi hulia. Jibu nani alilibeba?"

Hadia akasema, "Jibu mlikuwa nalo, na wingu mlikuwa nalo. Kuonyesha ni kwa macho, na macho niliyatoa mimi."

Wapo waliotaka wote watatu wafundishe. Imamu akakataa: marehemu kasema "aliye", hakusema "walio", na Bi Masika alikuwa akimchapa mtoto kwa irabu moja, hawezi kukosea. Kijiji kilekile kilichopotezwa na neno moja kikashikilia jingine.

Ni mwaka wa pili huu. Sikitu na Hadia, waliokuwa wakisukana nywele, hawaamkiani. Feruzi akimwona mmoja wao hupita njia ya makaburini. Chumba cha mbele kimefungwa. Watoto husimama safu za sala, wameelekea Makka sawasawa, na hawajui wanasema nini.

Basi amueni. Chuo apewe aliyeuliza, aliyekwenda, au aliyeona? Usinijibu wote, hilo lilikwisha kukataliwa. Wala usiniambie Mungu ndiye ajuaye. Anajua, na watoto wanangoja. Wewe, kwa kinywa chako, ungemtaja nani?

Bishaneni. Mimi natoka, na mlango naufunga. Asinifuate mtu kabla hamjapata jina.