Siku Chui Alipoitwa Shahidi

— Wenyewe mpo?
— Tupo!
— Mmekuja na masikio, au mmeyaacha nyumbani?
— Tumekuja nayo, yote mawili!
— Basi moja lisikie, la pili lizibeni, ninachosema kisipitilize.
— Kikiingia hakitoki!

Haya. Kulikuwa na nchi ya wanyama iliyoitwa Chumvini. Katikati yake palikuwa na udongo wa chumvi, na wanyama wote walikuja hapo kuulamba. Na kulikuwa na Chui. Chui hakuja kulamba chumvi. Alikuja kuchukua waliokuja kulamba. Leo swala, kesho mtoto wa ngiri, keshokutwa hajulikani nani. Hapigi hodi, haagi. Ni vwap! Mmoja hayupo.

Rais wa kwanza wa Chumvini alikuwa Nyati. Nyati aliuzungushia uwanja huo wa chumvi boma la miiba, akapiga kwato chini, akasema, "Chui amekwisha!" Chui akatoboa tundu kwenye boma, akawa anapita.

Uchaguzi ukaja, akashinda Tembo. Asubuhi ya siku ile ile aliyoapishwa Tembo, Chui alipita kwenye tundu lake akamrarua pimbi mmoja kijana aliyeitwa Kidole. Kidole akamponyoka, akajikokota hadi kwa dada yake kwenye mawe. Saa nne, wakati anararuliwa, rais alikuwa Nyati. Saa sita Tembo akaapa. Saa nane Kidole akafa.

Dada yake, Bi Pimbi, akaweka matanga. Wanyama wakaja, wakakaa, wakatoa pole. Halafu Pundamilia, ambaye alikuwa msemaji wa watu wa Nyati, akajikohoza.

"Marehemu amefia enzi za Tembo," akasema. "Iwekwe wazi."

"Ameraruliwa enzi za Nyati!" akasema Ngiri, msemaji wa watu wa Tembo. "Kufa amemalizia tu."

"Kabla ya Tembo alikuwa hai!"

"Alikuwa hai bila tumbo!"

Wakavutana mpaka matanga yakavunjika. Hakuna aliyekumbuka kumzika Kidole. Bi Pimbi alimzika mwenyewe, kwa mikono yake, na mikono ya pimbi ni mifupi.

Tangu hapo nchi ikagawanyika. Waliompenda Nyati wakaitwa Wa Pembe, waliompenda Tembo wakaitwa Wa Mkonga. Tembo akachimba handaki nje ya boma, akapuliza mkonga, akasema, "Chui amekwisha!" Mvua ikanyesha, handaki likajaa mchanga, Chui akawa anapita.

Chui akichukua mmoja, Wa Pembe wanasema, "Enzi za Nyati haikuwa hivi." Wa Mkonga wanasema, "Ilikuwa hivi hivi, ila mlinyamaza." Chui anachukua wa pili. Wa Pembe wanasema, "Enzi za Nyati haikuwa hivi." Wa Mkonga wanasema, "Ilikuwa hivi hivi, ila mlinyamaza." Chui anachukua wa tatu, na wa tatu huyo alichukuliwa akiwa anasema.

Bi Pimbi alilia siku nyingi. Kisha akaacha kulia akaanza kufikiri. Akaenda mkutanoni, akapanda juu ya jiwe ili aonekane.

"Waheshimiwa," akasema, "ni rais gani alimsumbua Chui zaidi?"

"Nyati!" "Tembo!"

"Anayejua ni mmoja tu. Tumwite Chui mwenyewe atoe ushahidi."

Wakaangaliana, kambi kwa kambi. Kisha Pundamilia akasema, "Sisi hatuogopi ukweli." Ngiri naye akasema, "Hata sisi hatuuogopi."

"Shahidi hulipwa," akasema Bi Pimbi. "Upande utakaoshindwa utampa nini?"

"Kila kitu!" wakasema Wa Pembe, kwa kuwa walijua hawawezi kushindwa.

"Hata sisi wenyewe atuchukue!" wakasema Wa Mkonga, kwa kuwa walijua hivyo hivyo.

Wakapiga makofi. Makofi yalikuwa mengi sana.

Bi Pimbi akaenda pangoni kwa Chui. Akajibana ndani ya ufa wa mwamba, mahali ambapo ukucha haufiki, akaita.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mimi Pimbi. Ulimrarua mdogo wangu, siku ya kiapo."

Chui akafikiri. "Yule aliyeniponyoka? Alipona?"

"Hakupona."

"Kumbe nilimpata," akasema Chui, akajilamba.

Bi Pimbi akajisogeza ndani zaidi ya ufa. Akasema, "Nchi nzima inataka kujua rais yupi alikusumbua zaidi, Nyati au Tembo. Umeitwa shahidi. Utaingia kwa mlango mkubwa, mchana, na hakuna atakayekugusa. Ukishataja mshindi, walioshindwa ni chakula chako. Wote."

Chui akasimama. "Wote?"

"Wote. Wamekubali wenyewe, na wamepiga makofi."

"Na walioshinda?"

"Hao utajua mwenyewe."

Chui akacheka, hrrr, hrrr. "Lini?"

"Baada ya siku tatu. Lakini nakushauri usile kitu mpaka hapo. Ni wengi, na tumbo ni moja."

Chui akaona ni ushauri mzuri. Akafunga siku tatu, na siku tatu hizo Chumvini hakupotea mtu. Wa Pembe wakasema ni kazi ya boma. Wa Mkonga wakasema ni kazi ya handaki.

Siku ya kwanza Bi Pimbi alikwenda kwa Wa Mkonga. "Chui anakuja kuonyesha alivyokuwa akipita," akawaambia. "Nimesikia Wa Pembe wanaongeza miiba. Nyinyi handaki lenu limejaa mchanga. Mtamwaibisha Mheshimiwa."

Ngiri akaruka. Wakachimba, kwaru kwaru, kwaru kwaru, mchanga ukatoka, udongo ukatoka, mpaka aliye chini haoni aliye juu.

"Na mlifunike kwa majani," akasema Bi Pimbi, "wenzenu wasiige."

Wakalifunika.

Siku ya pili akaenda kwa Wa Pembe. "Nimesikia Wa Mkonga wanachimba usiku na mchana. Nyinyi boma lenu limepukutika. Mtamwaibisha Mzee Nyati."

Pundamilia akaruka. Wakakata miiba, kacha kacha, kacha kacha, wakairundika juu ya boma mpaka boma likawa na kichwa kama kichuguu.

"Ila tundu la Chui msilizibe," akasema Bi Pimbi. "Likizibwa watasema mmeiba ushindi."

Hawakuliziba.

Siku ya tatu, jua la utosi, Chui akaingia kwa mlango mkubwa. Njaa ilikuwa imemchonga mbavu. Akapita katikati ya wanyama, na kila aliyempita alisahau kidogo yuko kambi gani. Nyati akatazama pembeni. Tembo akatazama juu.

Chui akakaa. Akawaangalia Wa Pembe: pundamilia wanono. Akawaangalia Wa Mkonga: ngiri wengi. Ikamwia vigumu.

"Kabla hujataja," akasema Bi Pimbi kutoka juu ya jiwe lake, "tuonyeshe. Ulikuwa ukitokea wapi na nyama zetu?"

"Pale kwenye tundu."

"Kwa mbio?"

"Kwa mbio."

"Wako wanaosema siku hizi umezeeka, unapita kwa kujikokota."

"Nani kasema?" Chui akanguruma, ngrrr! Akarudi nyuma hatua kumi, akajikunja, akafyatuka. Fyuu! Akapita kwenye tundu kama zamani, boma likatikisika, na upande wa pili akakanyaga majani.

Majani hayakumbeba.

Puuu!

Na lile rundo la miiba lililokuwa juu ya boma likamfuata mle mle: kwachaaa!

Wanyama wakakimbilia ukingoni. Chui alikuwa chini kabisa, miiba juu yake. Akiruka anachomwa, akitulia anachomwa kidogo.

"Boma limemkamata!" akapiga kelele Pundamilia.

"Handaki!" akapiga kelele Ngiri. "Ondoeni miiba yenu muone kama atatoka!"

"Nyinyi ondoeni shimo lenu!"

"Naunga mkono hoja zote mbili," akasema Chui kutoka chini.

Na kweli, jamani, wakaanza kuondoa miiba ili wajaribu. Matawi mawili yalikuwa yameshatolewa Bi Pimbi aliposema, "Endeleeni. Akitoka, handaki limeshindwa, atapewa Wa Mkonga. Asipotoka, boma ndilo halikuwa na kazi, atapewa Wa Pembe. Makubaliano ni yale yale."

Ngiri akaangalia tawi alilokuwa amelishika. Akalirudisha taratibu.

"Nadhani," akasema, "hatuna haja ya kujaribu, sifa ni za Mzee Nyati."

"Hapana, ndugu yangu," akasema Pundamilia, "ni za Mheshimiwa Tembo kabisa."

Wakasihiana hivyo mpaka jua likashuka, kisha wakaondoka mmoja mmoja.

Chui alikaa mle siku kadhaa. Kila siku Bi Pimbi alikuja akakaa ukingoni. Siku ya mwisho, Chui akiwa hawezi tena kuinua kichwa, Bi Pimbi akainama.

"Bwana Chui. Sasa hakuna anayesikia. Niambie kweli. Ni yupi alikusumbua zaidi, yule wa kwanza au huyu wa pili?"

Chui akafungua jicho moja.

"Kwani," akasema, "walikuwa wawili?"

Akalifunga.

Bi Pimbi akarudi nyumbani kwake kwenye mawe, akalala.

— Jamani, bado mmeziba?
— Tumeziba!
— Basi zibueni. Mwenye njaa akale, mwenye usingizi akalale, mwenye chama chake aende nacho.
— Tumekwenda nacho!

Fundisho ni hili, watoto wangu, mlishike. Mpendeni rais wenu na mbishanie sifa zake asubuhi na jioni, kwa kuwa bila mabishano Chui hakamatwi. Na pimbi waache kujiingiza katika mambo ya siasa, hawayawezi.