Kaseti Namba Saba

Kaeni, wapendwa. Na wewe mzee wangu uliyezoea kiti cha karibu na mlango, asante kwa kukubali kuketi mbele leo. Hiki kilichofungwa kitambaa hapa mimbarani kiacheni kwanza, msikitolee macho, mtakiona.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyependa gemu kuliko chakula. Vijana mnacheka? Msidhani gemu zimeanza na simu zenu. Zamani zile mashine iliunganishwa na televisheni, na kila gemu ilikaa ndani ya kaseti yake ya plastiki, nene kama kipande cha sabuni ya mche. Ikigoma kuwaka unaichomoa, unaipuliza, unairudisha. Wa rika langu wananielewa.

Mwaka mmoja likaja shindano kwenye ukumbi wa mji. Waandaaji walileta kaseti kumi ambazo haziuzwi dukani. Zilitengenezwa kwa ajili ya shindano lile tu: nyekundu, kila moja na namba yake, na ndani yake saa. Ukicheza dakika sita, gemu inajifunga yenyewe na kukuonyesha pointi zako. Shindano likiisha zote zirudishwe zivunjwe, asipatikane mtu wa kwenda kufanya mazoezi kwa siri kabla ya shindano la mwakani.

Yule kijana akashika nafasi ya pili. Ya pili, jamani, tena kwa pointi chache! Roho ikamuuma. Akajiambia, nikiwa na kaseti hii nyumbani, mwakani hakuna wa kunigusa. Watu walipokuwa wanampigia mshindi makofi, akachomoa namba saba, akaisukumia chini ya shati, akaelekea mlangoni. Pale alisimama mlinzi wa ukumbi.

"Shikamoo," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nenda salama."

Kesho yake kaseti zikahesabiwa, zikawa tisa. Funguo za ukumbi alikuwa nazo nani? Mlinzi. Basi, kesi ikaishia hapo. Wakamsimamisha mbele ya watu, ukumbi umejaa, wakamvua koti la kazi mke wake akitazama. Watoto wake wakapachikwa jina shuleni, watoto wa mwizi wa gemu. Na yule kijana alikuwepo. Alisimama nyuma kabisa, akaangalia viatu vyake.

Nyumbani alicheza madirisha yamefungwa. Wiki ya kwanza tu akazipita pointi za mshindi, akaruka kwa furaha, halafu akakaa chini. Angemwambia nani? Na mwaka uliofuata shindano halikuja.

Miaka ikapita. Kijana akaokoka, akaoa, akaheshimika. Kaseti ikalala sandukuni chini ya mashuka. Aliomba msamaha kwa Mungu, msidhani hakuomba. Alifunga, alilia, alirudia na kurudia. Ila mtaa wa yule mlinzi hakuukanyaga. Akiwa na safari ya upande ule, alizunguka mbali asipite mlangoni pake.

Mwaka huu binti yake akamwonyesha picha kwenye simu. "Baba, hebu ona! Kaseti za mashindano ya zamani. Zilitengenezwa kumi, tisa zikavunjwa, moja haijulikani iliko. Watu wa nchi za nje wanaitafuta kwa udi na uvumba."

Chakula kikamshinda. Wapendwa, dunia nzima inaitafuta kaseti. Nani alimtafuta yule mlinzi?

Akaifunga kitambaa, akaenda. Tena alipitia mlango wa uani, majirani wasimwone. Akamkuta mlinzi, sasa mzee, jikoni anachambua maharage. Akafunga mlango, akapiga magoti, akaiweka kaseti sakafuni.

Mzee akaitazama, kisha akasema, "Namba saba. Nilijua."

"Ulijua nini, mzee?"

"Niliona shati lako limevimba. Nikasema, huyu ni mtoto wa watu, dhamiri itamsuta, ataileta asubuhi. Nikawahi kufungua ili ukija usikute watu. Nilikungoja pale mlangoni, mwanangu. Walipofika wao kabla yako nikasema sijui. Baadaye ningesema nini? Nani angemsikiliza mwizi?"

Kijana akaanza kulia. "Nisamehe, mzee wangu."

"Nilishakusamehe kitambo. Lakini nikuulize. Waliponiita mwizi ukumbi ulikuwa umejaa. Mke wangu amezikwa watu wananong'ona. Kanisani nakaa karibu na mlango ili nikisemwa nitoke upesi. Na wewe umekuja kunisafisha jikoni, mlango umefungwa?"

Mngekuwa ninyi mngemjibu nini? Kijana akaokota kaseti yake akatoka, safari hii kwa mlango wa mbele.

Ndugu zangu, sisi ni hodari wa kutubu mahali tusipoonekana. Tunamwambia Mungu kila kitu, na jirani hatumwambii neno. Tunajipigapiga kifua: yangu nimeyamaliza na Mungu wangu. Umeyamaliza? Na yule aliyevuliwa koti, yake yameishaje? Tunamchafua mtu hadharani, halafu tunamwomba radhi kwa kunong'ona, na tunataka atushukuru kwa hilo! Fikiri, wewe unayenisikiliza. Nani anaketi karibu na mlango kwa sababu yako?

Naona macho yenu yananiuliza yule kijana aliishia wapi. Alikwenda kwa wazee wa kanisa, akawaeleza yote, akaomba wamruhusu asimame mbele yenu asubuhi hii.

Ngoja nikifungue kitambaa. Haya, tazameni wote, hata mlioko nyuma. Nyekundu. Namba saba.

Binti yangu, usiiname. Anayepaswa kuinama ni mimi. Nimewahubiria kweli miaka kumi na minane, na kila Jumapili nilimwona mzee yule pale mlangoni, nikageuza uso. Naona aibu. Naona aibu mbele yenu na mbele zake, na sitaki mniambie haidhuru.

Mzee Asukile Mwakalinga, nakuomba usimame, watu wakuone. Wapendwa, mtazameni vizuri. Huyu hakuiba. Niliiba mimi.